Embakasi iko kisiwani: kutafuta hitilafu kwenye viungo pepe na taneli za OSPF

Saa mbili kasorobo asubuhi simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa bohari ya Embakasi.

"Fundi, sistemu imekataa. Malori matatu yako getini na siwezi kutoa hata risiti moja."

Nikamuuliza kama intaneti iko.

"Intaneti iko, WhatsApp inaingia. Ni Westlands ndio hawapatikani."

"Sawa Madam, nipe dakika kumi niingie kwenye ruta."

Sentensi yake ya mwisho ilinionyesha pa kuanzia. Bohari ilikuwa na laini yake ya intaneti na laini hiyo ilikuwa nzima. Kilichokatika ni njia ya ndani ya kampuni, na njia hiyo ilikuwa imeshikiliwa na mistari miwili tu ya maagizo ya OSPF, lugha ambayo ruta hutumia kuambiana njia za mtandao.

Mtandao wa kampuni hiyo ya wauzaji wa jumla ulikuwa umekaa hivi. OSPF hugawa mtandao katika maeneo yenye namba, na eneo 0 ndilo uti wa mgongo. Makao makuu Westlands yalikuwa eneo 0. Kutoka Westlands hadi ghala la Lunga Lunga Road, Industrial Area, kulikuwa na faiba, nayo ilipewa eneo 1. Kutoka ghalani hadi Embakasi kulikuwa na redio juu ya paa, na hiyo ikapewa eneo 2. Ukifuata waya, kila mahali pameungana. Ukifuata OSPF, Embakasi iko kisiwani, kwa sababu eneo 2 haligusani na eneo 0 popote.

OSPF ya IPv4 imeelezwa katika RFC 2328, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 1998, na sharti lake kubwa ni hili: safari ya kutoka eneo moja kwenda jingine lazima ipite eneo 0. Ruta ya mpakani, yaani inayounganisha maeneo, ikiwa na mguu ndani ya eneo 0 husikiliza muhtasari wa njia za mbali unaotoka eneo 0 peke yake. Ukifika kupitia eneo jingine, ruta huupuuza hata kama unasema kweli. Sharti hilo huzuia habari za njia zisizunguke na kurudi zilikotoka. Lakini pia ndilo hufanya mtandao ulioungana kwa waya ukatae kuongea.

Dawa ziko mbili, na ni lazima uzitofautishe kabla hujagusa kitu. Kiungo pepe hubeba habari za njia tu. Ruta mbili za mpakani hupeana pakiti za OSPF kupitia eneo la katikati kana kwamba kuna waya wa eneo 0 kati yao. Risiti ya Madam yenyewe husafiri kama pakiti ya kawaida na kila ruta ya njiani huisoma anwani yake. Taneli hufunga pakiti nzima ndani ya pakiti nyingine, na ruta za katikati huona bahasha ya nje peke yake. Nimewaona mafundi wazuri wakipoteza siku nzima wakipima ukubwa wa pakiti kwenye kiungo pepe, au wakitafuta kitambulisho cha ruta kwenye taneli, kwa sababu walidhani ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Jirani yuko FULL, lakini njia hakuna

Dalili hii huchanganya sana, maana kila unachokiangalia kwanza kiko sawa. `show ip ospf neighbor` inasema FULL, yaani ruta mbili zimemaliza kupeana habari, ping (pakiti ya kujaribu kama upande wa pili unajibu) ya jirani inapita, lakini `show ip route ospf` ya Embakasi ni tupu au ina njia za ndani ya eneo lake tu.

Nenda kwenye ruta iliyo kati ya maeneo mawili, hapa ile ya Lunga Lunga, uandike `show ip ospf`. Tazama kama inajitambulisha kuwa ruta ya mpakani. Ruta za Cisco, na zile za FRR (programu huria ya ruta) zikiachwa zilivyo, hazijihesabu kuwa za mpakani mpaka ziwe na mguu ulio hai ndani ya eneo 0. Tabia hiyo imeelezwa katika RFC 3509 ya mwaka 2003. Kwa hiyo ruta ya Lunga Lunga ilikuwa na maeneo mawili mkononi na haikuvusha habari hata moja kati yao.

Dalili hiyo hiyo huja kwa mlango mwingine, eneo 0 lenyewe linapokatika vipande viwili. Chukua ofisi ya Westlands na ya Upper Hill, zote ziko eneo 0, na kila moja ina faiba yake ya kwenda Industrial Area katika eneo 1. Tingatinga linachimba barabara, faiba ya Westlands na Upper Hill inakatika. Mtu anasema hakuna shida, tutazungukia Industrial Area. Waya wa kuzungukia upo na ni mzima, lakini Westlands haiioni Upper Hill, kwa sababu ruta zote mbili zina mguu wa eneo 0 na kila moja inapuuza muhtasari uliopitia eneo 1. Kiungo pepe kati ya ruta hizo mbili, kupitia eneo 1, kinashona eneo 0 upya. Mimi hukiweka mapema, kabla tingatinga halijafika.

Kiungo pepe hakiinuki

Mistari yenyewe ni mifupi. Westlands:

`router ospf 1`
`area 1 virtual-link 10.255.0.2`

Na Lunga Lunga:

`router ospf 1`
`area 1 virtual-link 10.255.0.1`

Namba ya eneo hapo ni ya eneo linalopitiwa katikati. Usiweke eneo 0, wala eneo lililotengwa. Anwani inayofuata ni kitambulisho cha ruta ya upande wa pili. Inafanana na anwani ya IP lakini ni jina la ruta tu, na kosa la kwanza ninalolitafuta ni mtu kuandika anwani ya tundu la faiba badala ya kitambulisho.

Asubuhi ile ya Embakasi kosa halikuwa hilo, maana kiungo kilikuwa kimefanya kazi miezi mingi. Niliingia ruta ya Westlands, nikaandika `show ip ospf virtual-links`, nikakuta kiko chini. Kwenye kumbukumbu za ruta mstari huu ulikuwa ukijirudia:

`mismatch area ID, from backbone area must be virtual-link but not found`

Ukiuona mstari huo, tulia. Maana yake ni kwamba pakiti za eneo 0 zinafika kutoka upande wa pili, ila ruta hii haina kiungo pepe chenye kitambulisho hicho. Kwa hiyo faiba ni nzima na jirani anaongea, lakini anajitambulisha kwa jina usilolijua. Nikaandika `show ip ospf neighbor`. Jirani wa kwenye faiba, ambaye siku zote alikuwa 10.255.0.2, sasa alikuwa 10.255.0.20.

Nikaipigia simu ghala. Usiku stima zilikuwa zimepotea, na UPS ya kile chumba kidogo kilicho nyuma ya stoo ya sabuni ilikuwa imechoka, kwa hiyo ruta ilizima na kuwaka. Siku chache kabla ya hapo mtu alikuwa ameongeza kiolesura cha lupubaki, yaani tundu la kufikirika lisilo na waya, chenye anwani 10.255.0.20 kwa ajili ya kusimamia vifaa. Hakukosea kuiongeza. Lakini ruta ya Cisco isiyopewa kitambulisho kwa mkono huchukua anwani kubwa kuliko zote za lupubaki wakati OSPF inapoanza. Lupubaki mpya ilikaa kimya mpaka stima zilipopotea, na ruta ilipoamka ikajipa jina jipya. Westlands ikabaki inamwita mtu ambaye hayupo tena.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye ruta ya Lunga Lunga, `router-id 10.255.0.2`, kisha `clear ip ospf process` ili jina lishike. Amri hiyo ya pili huangusha ujirani wote wa ruta hiyo kwa muda, basi waambie watu kwanza. Mimi nilimwambia Madam asubiri dakika moja zaidi. Tangu siku hiyo siachi ruta yoyote ya mpakani ijichagulie kitambulisho, na namba hizo nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa kwa selotepu ndani ya mlango wa kabati la vifaa.

Ikiwa vitambulisho viko sawa na kiungo bado hakiinuki, kuna mambo matatu mengine. Kwanza, eneo la katikati haliwezi kuwa la aina ya stabu wala binamu yake NSSA. Kumbuka kwamba pakiti za kweli hupita humo bila bahasha, kwa hiyo ruta zote za humo lazima zijue njia zote, na stabu huficha baadhi ya njia. Pili, ruta hizo mbili lazima zifikiane ndani ya eneo hilo hilo moja. Kiungo pepe hakiruki maeneo mawili. Tatu, gharama ya njia kati yao (namba ambayo OSPF hutumia kuchagua njia, ndogo ndiyo hushinda) ikizidi 65535, kiungo huhesabiwa kuwa kimekufa. Hili la tatu ni nadra, ila huja pale mtu alipopandisha gharama kwa makusudi ili laini fulani isitumike.

Nywila ilibadilishwa wiki iliyopita, kiungo kimekufa leo

Kiungo pepe ni mali ya eneo 0. Ukiwasha uthibitishaji wa MD5, yaani nywila ambayo ruta hutumia kutambuana, kwa eneo 0 pale Westlands, ruta ya Lunga Lunga nayo lazima iwe na `area 0 authentication message-digest`, ingawa haina tundu hata moja la eneo 0. Ufunguo wenyewe huandikwa kwenye mstari wa kiungo pepe. Fundi anayepita tundu moja moja akibadilisha nywila ataisahau ruta hii, kwa sababu hakuna tundu la kumkumbusha.

Kinachofanya hitilafu hii iumize ni muda wake. Cisco huendesha kiungo pepe kama laini inayoongea pale tu panapokuwa na habari. Ujirani ukishafika FULL, pakiti za helo, ambazo ruta hujulishana kwazo kuwa ziko hai, husimamishwa, na matangazo yaliyopitia hapo hayazeeki. Kwa hiyo unaweza kuharibu nywila Jumatatu na kila kitu kikaendelea vizuri mpaka ruta iwake upya au kiungo kianze upya, pengine wiki nzima baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kazi ya Jumatatu. Ukibadilisha nywila ya eneo 0, safisha kiungo pepe saa hiyo hiyo ukiwa umekaa mbele ya kioo, uone kikirudi FULL. Kisiporudi, kosa lako bado liko mkononi mwako.

Taneli inawaka na kuzima bila kupumzika

Tukitoka kwenye viungo pepe, hii ndiyo hitilafu ya taneli ninayoitiwa zaidi. Kumbukumbu huandika:

`%TUN-5-RECURDOWN: Tunnel0 temporarily disabled due to recursive routing`

Fuatilia mzunguko wake. Taneli ya GRE, aina ya taneli isiyo na usimbaji, inainuka kupitia intaneti. OSPF inapata jirani ndani yake. Jirani anatangaza njia zake zote, ikiwemo njia ya kufikia ile anwani ya nje ambayo taneli inaishia. Sasa ruta inaamini kwamba ili kufika mwisho wa taneli inapaswa kupita ndani ya taneli. Inaizima. Njia hiyo inafutika, ile ya zamani inarudi, taneli inawaka tena, na mchezo unaanza upya.

Dawa ni kuipa anwani ya nje njia yake ya kudumu kupitia lango la mtoa huduma, kwa mfano:

`ip route 203.0.113.10 255.255.255.255 198.51.100.1`

Pia ondoa mtandao wa anwani za nje kwenye matangazo ya OSPF. Mimi hufanya yote mawili, maana siku moja mtu atafuta moja bila kujua lilikuwa na kazi gani.

Ujirani umekwama EXSTART, au ping inapita na sistemu inaganda

Hizi ni dalili mbili za ugonjwa mmoja, ukubwa wa pakiti. GRE huongeza baiti 24, ambazo ni 20 za kichwa cha IP na 4 zake yenyewe. Kwenye waya unaobeba pakiti ya hadi baiti 1500 unabaki na 1476. Baadhi ya faiba za ofisi ndogo hapa Nairobi huingia kwa PPPoE (njia ya kumwingiza mteja kwa jina na nywila), nayo inakula 8 nyingine, kwa hiyo unabaki na 1468. Upande mmoja wa taneli ukiwa kwenye laini ya PPPoE na mwingine kwenye laini ya kawaida, kila mmoja hupiga hesabu yake.

OSPF hutangaza MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ndani ya pakiti za kubadilishana muhtasari wa kumbukumbu. Anayepokea akiona namba kubwa kuliko uwezo wake, huitupa pakiti, na ujirani hukwama EXSTART au EXCHANGE, hatua za kabla ya FULL. Wengi hukimbilia `ip ospf mtu-ignore`. Mimi siipendi. Inanyamazisha OSPF, lakini pakiti kubwa bado hazipiti, na malalamiko yanahama kutoka kwako kwenda kwa mhasibu ambaye ripoti yake haifunguki. Weka `ip mtu 1468` pande zote mbili, kisha `ip tcp adjust-mss 1428`, ambayo ni 1468 ukitoa 40 za vichwa vya IP na TCP. Halafu pima ukiwa kwenye kompyuta ya Linux iliyo nyuma ya ruta:

`ping -M do -s 1440 10.20.0.10`

Hiyo 1440 ukiongeza 28 za vichwa inakuwa 1468 kamili. Ikipita, jaribu 1441. Inapaswa kukataa. Jaribio la pili linakuhakikishia kwamba umeupata mpaka wenyewe, kwa sababu hiyo 1440 ingepita pia kwenye njia pana zaidi.

Kwenye kiungo pepe usitafute hili. Huko MTU hutangazwa kama 0, kwa hiyo ukiona kimekwama EXSTART, rudi kwenye vitambulisho na fayawoli. OSPF ni itifaki namba 89 ya IP, na pakiti za kiungo pepe hutumwa moja kwa moja kwa anwani ya ruta ya mbali, hazitumii anwani ya kikundi 224.0.0.5. Fayawoli iliyoruhusu anwani ya kikundi peke yake itazizuia. GRE nayo ni itifaki namba 47. Usiifungulie bandari ya TCP, kwa sababu haina.

Taneli iko juu, lakini mizigo inapita kusikofaa

Cisco hukisia kasi ya taneli badala ya kuipima. Matoleo ya zamani huipa kilobiti 9 kwa sekunde, ambayo kwa kipimo cha kawaida cha megabiti 100 ni gharama ya 11111. Mapya huipa kilobiti 100, gharama 1000. Andika `ip ospf cost` kwa mkono pande zote mbili na suala hilo limekwisha.

Gumu zaidi ni hili: njia ya ndani ya eneo hushinda njia ya kati ya maeneo, gharama iwe yoyote. Ukijenga taneli ya eneo 0 juu ya eneo 1 kutoka Westlands hadi Lunga Lunga, mitandao yote ya Westlands iliyo eneo 0 inageuka kuwa ya ndani kwa ruta ya Lunga Lunga. Mizigo yote ya kwenda huko itafungwa kwenye bahasha, ingawa chini yake kuna faiba ile ile ambayo ingeweza kuipokea bila bahasha, na hakuna gharama utakayoiandika itakayobadilisha uamuzi huo. Ndiyo maana pale ambapo katikati ni eneo moja la kawaida la OSPF, mimi huchagua kiungo pepe. Taneli naiacha kwa kazi zake halisi: kupita mtandao wa mtoa huduma usiozungumza OSPF nawe, kupita eneo la stabu, au kuvuka zaidi ya eneo moja.

Kwenye laini ya akiba ya simu kuna kikwazo cha mwisho. Angalia anwani uliyopewa. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani unashiriki anwani ya nje na wateja wengine, na GRE kutoka nje haitakufikia. Anzisha IPsec (taneli yenye usimbaji) kutoka upande wako kwa bandari ya UDP 4500, kisha weka GRE ndani yake. Utapata na usimbaji pia, ambao GRE peke yake haina.

Malori ya Embakasi yaliondoka kabla ya saa tatu. Jumamosi iliyofuata tulirudi kuondoa chanzo, kwa kuihamisha ile faiba ya Westlands na Lunga Lunga kutoka eneo 1 kwenda eneo 0. Niliingia ruta ya Lunga Lunga kutoka ndani ya ruta ya Westlands, kwa anwani ya tundu la faiba. Lupubaki nisingeitumia, kwa kuwa ingepotea dakika OSPF itakapoanguka, ilhali anwani ya tundu iko kwenye waya ule ule na haihitaji njia ya kufundishwa. Nilibadilisha Lunga Lunga kwanza, nikatoka, nikabadilisha Westlands, na ndani ya dakika moja ujirani ulikuwa FULL katika eneo 0. Ndipo nikaifuta ile mistari miwili ya kiungo pepe. Embakasi, `show ip route ospf` ilijaa njia zenye alama ya `O IA`, yaani za kutoka maeneo mengine, zote kupitia redio ya kwenye paa. Kabla ya kufunga kabati nilizima ruta ya ghala kwa swichi yake na kuiwasha tena, nikasubiri nione inaamka na jina lipi. Iliamka na 10.255.0.2.